Mama alizidiwa kwenye kiti cha meno: je, ni kweli ganzi ilimkataa?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Igoma, Mwanza. Ana presha na kisukari kwa miaka tisa sasa, anameza amlodipini na glibenklamidi kila siku. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki ya meno kung'oa gego la chini. Tulitoka nyumbani saa 12 asubuhi, dawa zake alishameza, ila hakula kitu kwa sababu tunajua mtu hatakiwi kula kabla ya kung'oa jino. Tuliitwa saa 5. Walimchoma ganzi, akasema moyo unamwenda mbio. Baadaye kidogo, kama dakika kumi, akaanza kutoka jasho, mikono ikatetemeka, akawa anajibu maneno yasiyoeleweka kama mlevi, halafu akalegea. Waliinua kiti wakamkalisha, wakampepea kwa faili, mmoja akamwagia maji usoni. Mhudumu alikimbia dukani kununua soda, wakamnywesha. Baada ya kama robo saa akarudi katika hali yake. Jino halikung'olewa. Tuliambiwa ganzi imemkataa, ana aleji, asichomwe tena maisha yake yote. Jirani yetu naye anasema ganzi inaua watu wa presha kwa sababu inakwenda kwenye moyo. Sasa jino linamsumbua usiku, shavu limeanza kuvimba, na mama amegoma kabisa kurudi. Naomba kujua: ni kweli ana aleji? Mtu wa presha na sukari anaweza kung'oa jino? Na nitajuaje kama kliniki ina uwezo wa kumsaidia akizidiwa tena?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa siku ile. Kumwona mzazi akilegea mbele yako huku watu wanahangaika na faili na maji si jambo la kusahau haraka. Nashukuru kwamba hukuniandikia tu "mama alizimia". Umetaja saa mliyotoka nyumbani, dawa alizomeza, jasho, mikono kutetemeka, na soda. Karibu jibu lote limo humo.

Sikumwona mama, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini kwa dalili ulizoandika, mimi sioni aleji. Naona sukari iliyoshuka.

Aleji kali huwa na sura yake. Ngozi hutoka vipele vinavyowasha, midomo na kope huvimba, kifua hubana na pumzi hutoka kwa sauti ya filimbi, presha huporomoka. Wewe hukutaja hata kimoja kati ya hivyo, na aleji ya namna hiyo haitulizwi na soda. Ganzi inayotumika zaidi kwenye kliniki zetu ni lignokeini, nayo ni ya kundi la dawa ambalo aleji yake ni nadra mno. Ganzi za zamani za kundi la prokeini ndizo zilizokuwa na tatizo hilo zaidi, na jina baya likabaki hata baada ya dawa kubadilika. Mgonjwa akipata aleji ya kweli kwenye chumba changu, wa kwanza kushukiwa ni penisilini na jamaa zake, halafu glavu za mpira. Ganzi naifikiria mwisho.

Na ule moyo kwenda mbio? Hilo lina maelezo yake. Katriji ya ganzi, kile kichupa chembamba cha mililita 1.8, mara nyingi huwa na lignokeini pamoja na adrenalini kidogo sana, kwa kawaida sehemu 1 kwa 80,000 au 1 kwa 100,000. Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu pale fizini ili ganzi isichukuliwe haraka na damu isitoke nyingi. Tone lake likiingia moja kwa moja kwenye mshipa, moyo hudunda kwa kasi kwa dakika chache kisha hutulia. Ndiyo maana tunafundishwa kuvuta nyuma kidogo bomba la sindano kabla ya kusukuma dawa, tuone kama damu inarudi, na kusukuma polepole. Na mtu aliyejaa hofu hutengeneza adrenalini yake mwenyewe hata kabla hajaguswa. Kwa hiyo moyo wa mama kukimbia mara baada ya sindano ni jambo la kawaida. Halikuwa tukio moja na lile la dakika kumi baadaye, ingawa watu waliyaunganisha.

Sasa tuje kwenye sukari. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kumwaga insulini, na kongosho halijui kama tumboni kuna ugali au hamna kitu. Mama alimeza dawa alfajiri, akakaa kwenye foleni saa tano bila chakula, huku insulini ikiendelea kuiondoa sukari kwenye damu. Sukari ikishuka chini ya 4 (kwenye mashine nyingine inasomeka 70), mwili hupiga kelele kwanza: jasho, kutetemeka, moyo kudunda, njaa. Ikishuka zaidi, ubongo ndio unaoumia, kwa sababu ubongo unategemea sukari ya damu saa zote. Hapo mtu huanza kuongea kama mlevi, hugombana na anayemsaidia, kisha hulegea. Soma tena barua yako mwenyewe. Umeandika hatua hizo moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule.

Kuzimia kwa hofu, ambako ndiko tunakokuona mara nyingi kuliko dharura nyingine zote kwenye kiti cha meno, kuna mwendo tofauti. Mtu anaona sindano, anapauka, anasikia kichefuchefu, kisha anazimia ghafla. Neva inayoshuka kutoka kichwani hadi moyoni imechokozwa na hofu, moyo unapunguza mwendo, mishipa ya miguuni inalegea, damu inatuama chini na ubongo unakosa. Ukimlaza chali na kuinua miguu yake juu kuliko kifua, anafumbua macho ndani ya dakika moja au mbili na anajua yuko wapi. Mama yako alichukua robo saa, alikuwa anaropoka kabla ya kulegea, na alirudi baada ya kupata kitu kitamu.

Kuna jambo linaloniuma hapa, nalo ni lile la kutokula. Wengi wanaamini hivyo, na hata kwenye mabenchi ya kliniki utawasikia watu wakielekezana. Kukaa na njaa ni sharti la mtu anayelazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji, kwa sababu akiwa hana fahamu chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu. Mtu anayechomwa ganzi mdomoni yuko macho, anameza mate yake, na anatakiwa awe amekula. Kwa mwenye kisukari anayemeza dawa ya aina ile, au anayejichoma insulini, njaa ni hatari kuliko koleo la kung'olea jino. Naomba uwaambie na majirani hilo.

Niseme pia kilichopaswa kufanyika, bila nia ya kuwashtaki waliokuwa zamu siku ile, maana najua hofu inavyomshika mhudumu. Kiti kilitakiwa kilazwe. Kumkalisha mtu aliyelegea kunaufanya moyo upandishe damu mlima wakati hauna nguvu hiyo. Halafu tone moja la damu kwenye ncha ya kidole, kwenye mashine ya sukari, lingetoa jibu kwa sekunde chache. Kama bado anaelewa na anameza vizuri, apewe sukari gramu 15 hadi 20, yaani vijiko vya chai vinne ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ile yenye sukari. Apimwe tena baada ya robo saa, na akitulia ale chakula, kwa kuwa ile dawa bado iko mwilini na inaweza kumshusha tena. Aliyekwisha kulegea hawekewi kitu chochote mdomoni. Analazwa ubavu, anatundikiwa dripu ya glukosi na mtu mwenye ujuzi, na kama hapo hakuna uwezo huo anakimbizwa hospitali. Soda iliyomsaidia mama ingeweza kuingia kwenye mapafu. Tumshukuru Mungu haikuingia.

Kwa kuwa siku ile hakuna aliyempima sukari, bado nataka mama aonwe na daktari wa kliniki yake ya kisukari kabla hatujafunga faili hili. Mtu wa miaka 63 mwenye presha akiongea maneno yasiyoeleweka, lazima tufikirie pia kiharusi kidogo kinachopita. Kama uliona mdomo umepinda upande mmoja, au mkono mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine, mwambie daktari hivyo. Na waulize kuhusu hiyo glibenklamidi. Kwa watu wa umri wake huwa tunaiogopa kwa sababu hii hii ya kushusha sukari na kuishikilia chini kwa saa nyingi, na dawa nyingine zipo. Uamuzi wa kubadilisha ni wao. Usimwachishe wewe.

Hilo neno "aleji" nalo lisiachwe likae kwenye daftari lake. Mtu akiandikwa hivyo, kila atakayemwona baadaye ataogopa kumchoma, na mwisho atang'olewa bila ganzi ya kutosha au ataachwa na usaha mdomoni. Kama daktari atakayemwona ana wasiwasi wa kweli, hospitali kubwa zinaweza kumfanyia uchunguzi na kuliandika jambo hilo kwa uhakika.

Kuhusu presha, jirani yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayotisha watu. Ganzi yenye adrenalini inaweza kugusa moyo, ndiyo maana kwa mgonjwa wa moyo tunajiwekea ukomo wa takribani mikrogramu 40 za adrenalini, karibu katriji mbili, na tunachoma taratibu. Lakini angalia upande wa pili. Mtu asiyepata ganzi vizuri akasikia maumivu makali, mwili wake mwenyewe unamwaga adrenalini nyingi kuliko ile ya kwenye katriji. Ganzi nzuri inalinda moyo wa mama yako. Kinachohatarisha ni kumchoma bila kumpima. Sisi huwa tunaahirisha kazi isiyo ya haraka presha ikifika 180 kwa 110, tunampeleka mtu akatulizwe kwanza, kisha arudi. Asubuhi ya kwenda kung'oa jino, dawa ya presha imezwe kama kawaida. Nakutana na wagonjwa wanaoiacha siku hiyo "ili zisigongane na ganzi", wanafika presha imepaa, wanarudishwa nyumbani, na nauli imekwenda bure. Wanaomeza dawa za kulainisha damu, kama wafarini au aspirini ndogo, nao wasiache kwa kujiamulia. Waseme mapema, tupange.

Swali lako la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na natamani kila mtu anayekaa kwenye kiti chetu aliulize.

Nikusimulie jambo. Nilikuwa na miaka miwili tangu nihitimu, nafanya kazi kwenye kliniki moja hapa kandokando ya ziwa. Alikuja kijana mvuvi, mwenye afya ya kumwangalia tu, anataka gego litolewe arudi kambini. Hatukumuuliza chochote zaidi ya jino lipi linauma. Katikati ya kazi akaanza kukohoa, kisha pumzi ikawa fupi, kisha kifua kikapiga filimbi. Pumu. Pampu yake alikuwa ameiacha kambini. Tulikuwa na mtungi wa oksijeni kwenye kona, mrefu, umefunikwa kitambaa safi. Tukauvuta. Spana ya kuufungulia haikuwepo. Hakuna aliyejua iko wapi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuufungua. Muuguzi mmoja alitoka mbio hadi duka la dawa ng'ambo ya barabara, akarudi na salbutamoli ya kupulizia, na hiyo ndiyo iliyomwokoa, pamoja na kumkalisha wima, maana mwenye pumu hapumui vizuri akilazwa. Nilikaa na mkono wangu mgongoni mwake nikisikia kila pumzi. Kijana alipona. Mimi sikulala usiku ule, na mpaka leo spana ya mtungi wangu imefungwa kwa mnyororo kwenye shingo ya mtungi wenyewe, na kila Jumatatu asubuhi tunaufungua, tunasoma geji, tunafunga.

Kwa hiyo ukiniuliza nini cha kutazama, sitakwambia utazame vigae na runinga ya ukumbini. Tazama kwanza kama wanauliza. Kabla ya sindano, je, kuna mtu aliyemuuliza mama ana magonjwa gani, anameza dawa gani, amekula saa ngapi, aliwahi kuzidiwa na dawa yoyote, ana pumu, kifafa, moyo? Je, walimfunga kile kitambaa cha presha mkononi na kumtoboa kidole kupima sukari? Dharura nyingi za kwenye kiti cha meno zinaweza kuonekana zikija kutoka mbali kwa maswali ya dakika tatu. Kliniki ambayo haikuuliza chochote imeshashindwa kabla ya kufika kwenye mtungi. Siku ile ya mvuvi, spana ilikuwa kosa letu la pili.

Baada ya hapo uliza kwa heshima: "Daktari, mama akizidiwa mna nini hapa?" Usione aibu. Daktari aliyejiandaa hufurahi kulijibu, na wengine watakuonyesha. Jibu zuri lina mtungi wa oksijeni wenye barakoa na geji inayosoma, mashine ya sukari na glukosi, adrenalini, salbutamoli ya kupulizia, aspirini ya miligramu 300 ya kutafuna mtu akibanwa na kifua, dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa wenye maumivu ya moyo, na dawa ya kukata degedege lililopita dakika tano. Lina pia jina la mtu: nani atafanya nini, nani atapiga simu, gari ni la nani. Jibu la "hapa haijawahi kutokea" si jibu.

Najua wenzangu wa taaluma nao wanasoma hapa, kwa hiyo niseme nao kidogo, na wewe mwanangu usikie. Adrenalini ndiyo dawa ya aleji kali, na inatangulia. Tumezoea kukimbilia haidrokotisoni na sindano ya kuzuia mwasho, lakini hizo zinachukua muda mrefu kuliko alio nao mgonjwa. Mtu mzima ni miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ile ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inarudiwa baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Dawa hiyo hiyo inayoogopwa ndani ya ganzi ndiyo inayorudisha uhai hapa. Kipimo na mahali pa kuichoma ndivyo vinavyotofautiana. Haihitaji friji, kwa hiyo umeme kukatika si kisingizio, lakini haipendi jua wala joto kali. Ampuli ikibadilika rangi kuelekea kahawia, itupwe. Na mtungi mdogo wa lita 340 ukiufungulia lita 15 kwa dakika unaisha ndani ya dakika 22 hivi. Kwa aliye mjini, muda huo unaweza kumfikisha mgonjwa hospitali kama gari lipo mlangoni. Kwa mwenzetu aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, hautoshi hata kungoja meli ya Mwanza ing'oe nanga, kwa hiyo yeye anahitaji mtungi mkubwa zaidi, na anahitaji kujuana kwa jina na watu wa hospitali ya wilaya yake.

Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa kwa umeme inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Uingereza kliniki za meno zinatarajiwa kuwa na mashine ya kushtua moyo. Kwetu mashine hizo ni chache na bei yake ni kubwa, sitawadanganya wasomaji kwamba watazikuta kila mahali. Mikono, hata hivyo, kila mtu anayo. Kukandamiza kifua katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mgonjwa akiwa juu ya kitu kigumu. Mara 30 kisha pumzi 2. Hilo linajifunzwa kwa mchana mmoja na linasahaulika lisiporudiwa. Mfundisheni na anayepokea wagonjwa mezani, mfundisheni na anayesafisha vyombo, kwa sababu siku hiyo huenda ndiye aliye karibu. Niliwahi kuona mafunzo ambayo madaktari walikaa mbele wakiandika notisi na wahudumu wakabaki nje wakipika chai. Nilihuzunika sana.

Turudi kwa mama. Ung'oaji wa jino lake unaweza kufanyika, na unapaswa kufanyika, kwa sababu jino lenye usaha hupandisha sukari, na sukari iliyopanda huufanya usaha usipone. Antibaiotiki peke yake itatuliza maumivu kwa wiki, kisha yatarudi, maana chanzo kimo ndani ya jino. Wapi sasa? Mtu mwenye presha na sukari zilizotulia anaweza kutibiwa kwenye kliniki ya karibu na nyumbani kama inapima na imejiandaa hivyo nilivyoeleza. Inaokoa nauli, foleni ni fupi, na mama hachoki. Kwa mama yako, safari hii moja, ningechagua hospitali yenye idara ya meno na wodi palepale, Sekou Toure au Bugando. Tukio lililopita halijathibitishwa, shavu limevimba, na kama sukari itacheza kuna madaktari wengine karibu. Foleni ni ndefu, sikufichi, na gharama inaweza kuwa juu kidogo kama hana bima. Hata hivyo hapo ndipo ningempeleka mama yangu mimi.

Asubuhi hiyo ale kwanza. Uji na michembe, au chai na viazi, chochote alichozoea, kisha ameze dawa zake pamoja na chakula. Mfungie chakula kingine kidogo na pakiti ya glukosi kwenye mkoba, kwa sababu ya foleni. Beba dawa zote na maboksi yake, usitegemee kukumbuka majina. Mkifika mapokezi mwambie muuguzi wazi kwamba huyu ana kisukari na mara ya mwisho alizidiwa kwenye kiti. Mara nyingi watamtanguliza. Mwombe daktari ampime presha na sukari kabla ya sindano, na amchome akiwa amelazwa nyuma kidogo kwenye kiti. Wewe kaa naye ndani kama wataruhusu. Mama aliyegoma hashawishiki kwa kukemewa. Mwambie kilichotokea kilikuwa njaa na dawa vilivyokutana, kwamba sasa mnajua, na kwamba akiinua mkono wakati wowote daktari atasimama. Mimi mgonjwa wa rika lake humwita mama kwa Kisukuma na kumwambia, "Mayu, mkono wako ndio breki yangu," na huwa naona mabega yanashuka.

Kwa sababu barua hii itasomwa na kina mama wengi wa Kanda ya Ziwa, ambako watoto wenye selimundu ni wengi: ganzi ya kawaida haiwadhuru. Wanachodhuriwa nacho ni kukaa bila maji, baridi, na maambukizi yaliyoachwa. Mtoto anywe maji ya kutosha, afunikwe vizuri, daktari aambiwe, na jino bovu lisisubiri hadi shavu livimbe.

Shavu la mama ndilo linalonifanya nisitake usubiri siku nyingi. Umesema limeanza kuvimba. Mwangalie leo jioni kwenye mwanga mzuri. Kama uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, kama sakafu ya mdomo ni ngumu na ulimi umeinuka, kama hawezi kufungua mdomo wa kuingiza vidole viwili, kama mate yanamchuruzika kwa kushindwa kumeza, ana homa na kutetemeka, sauti imebadilika kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, au anataka kukaa ameinama mbele ili apumue, hilo limekwishavuka uwezo wa kliniki yoyote ya meno ya mtaani. Usimpe dawa ya usingizi, usimkande kwa maji ya moto, usingoje kupambazuke. Kutoka Igoma usiku barabara ni nyeupe, na mkishapita Buzuruga mji hauko mbali. Tafuta gari, mkalishe wima, umpandishe Bugando idara ya dharura, na mlangoni useme maneno haya: ana kisukari, ana uvimbe wa jino, anashindwa kumeza.